Wafugaji wa simbilisi Mwanza njooni: mama yao kafa, wamebaki mapacha wawili, niwaletee mwenza wa aina gani?

Mama wa Pasiansi

Mwangaluka wakuu. Najua kuna watu watacheka huu uzi, chekeni tu ila mwenye ushauri asipite kimya.

Nafuga simbilisi, wale wanaoitwa guinea pig, hapa Pasiansi, sio wa kula, ni wa watoto, wanakaa kwenye banda kibaraza cha nyuma. Walikuwa watatu, mama yao tulimwita Bibi, na mabinti zake wawili wa uzao mmoja Kulwa na Doto ambao sasa wana miaka mitatu na hawajawahi kuzaa maana dume hajawahi kukanyaga hapa. Wiki juzi Jumanne Bibi kafa. Alishafika miaka sita, akaanza kupungua taratibu, afu asubuhi moja nakuja na majani namkuta kalala ubavu kapoa. Nikamwacha humo kama saa nzima wenzake wamuone, maana niliwahi kuambiwa ukimtoa ghafla wanabaki wanamtafuta. Doto alimnusa masikio akaenda zake kunywa maji. Kulwa alikaa pembeni yake mpaka nilipomtoa.

Sasa tangu siku hiyo nyumba imepoa. Zamani ukigusa mlango wa friji tu miluzi mpaka jirani anasikia, sa hivi nafungua nafunga, kimya. Kulwa kahamia kwenye kona aliyokuwa analala Bibi, kuna kipande cha kanga pale, hataki kutoka, hoho anaing'ata mara moja anaiacha. Na juzi wameanza kufukuzana, kitu ambacho sijawahi kukiona tangu wazaliwe, Doto anamtoa mwenzie kwenye bomba anagonga meno tatata kama cherehani.

Nimepata njia tatu:
kuna jamaa sokoni anauza kuku na sungura, ana kitoto cheupe pe, anasema jike la wiki sita, elfu 15, mwanangu kakiona kashalia nacho tayari
kuna dada Sengerema anahama, ana jike mtu mzima mmoja anamtoa bure
baba watoto anasema leta dume "watatulia wenyewe"

Nipeni mwanga.

Mnyalu wa Milimani

Pole mama. Mi nimetokea Njombe, kule hawa wanazunguka jikoni miguuni mwa bibi anapika, mgeni akija anakunywa supu. Leo nasoma wana msiba na wanatafutiwa mwenza. Ziwa limewaharibu nyie watu 😂

Kapteni wa Mtumbwi

Hivi hawa si ndo wale pimbi wamejaa kwenye mawe Capri Point? Nenda kashike mmoja bure uokoe elfu 15.

Mzee wa Maranda

@Kapteni wa Mtumbwi pimbi ni mnyama mwingine kabisa, yule wa mawe na kisiwa cha Saanane ukoo wake uko karibu na tembo kuliko panya, na akikung'ata utajua. Simbilisi asili yake milima ya Andes huko Peru, aliletwa. Tusimchanganye mama wa watu.

Mama pole sana. Nafuga hawa toka niko Buhongwa, mwaka wa tisa huu, nimezika wengi, kwa hiyo nisome vizuri usirukeruke.

Kwanza huna haraka. Angebaki mmoja ningekwambia leo leo tafuta mwenzie, maana hawa ni wanyama wa kundi, Uswisi tangu 2008 sheria yenyewe hairuhusu kumfuga mmoja pekee. Wewe umebaki na wawili, wanashikana. Kinachokusumbua hapo sio upweke tu, ni kwamba bosi kafa. Bibi ndo alikuwa anaamua nani apite nani asubiri, sasa kiti kiko wazi na hawa mabinti wanagombea. Hiyo tatata ya meno ni maneno tu, ni kama watu wamerudi makaburini na siku ya pili wanaanza kuulizana nyumba inabaki kwa nani. Wape wiki mbili. Kuna wanaopatana wenyewe na unajikuta huhitaji mtu mwingine.

Ila pima uzito. Mzani wa jikoni, mweke kwenye sufuria, kila siku kwa sasa, andika. Simbilisi hasemi naumwa, anasema mzani. Akikaa siku nzima hali kabisa usisubiri kesho, tumbo lake halijaumbwa kukaa tupu, likisimama limesimama.

Pili, anayechagua mwenza sio mwanao na wala sio wewe. Ni Kulwa na Doto. Rangi nyeupe haina kazi yoyote ndani ya banda. Kinachotakiwa ni tabia, na tabia huijui mpaka wamekutana, so popote unapomchukua patana kabisa na mwenye mali kwamba wakikataana unamrudisha. Asiyekubali kurudishiwa usinunue kwake.

Shangazi Karoti

Hapo kwenye kuchagua naongeza. Wengi wanakimbilia kitoto wakidhani wakubwa watakionea huruma, na mara nyingi ni kweli kitoto kinapokelewa haraka kwasababu hakigombei kiti. Tatizo linakuja kikifika miezi mitatu minne, kinapata kiburi cha ujana, mnaanza upya. Mtu mzima unamwona kabisa alivyo, mpole ni mpole, mkorofi ni mkorofi. Angalia nani anatafuta kiti: kama Doto ni mbabe na Kulwa ni wa kujikunja, usilete mbabe wa pili. Lete mtulivu au lete mwenye umri anayejua kunyamaza.

Mi ningeenda Sengerema. Daraja la Kigongo Busisi limefunguliwa Juni 2025, feri husubiri tena, asubuhi unaenda mchana umerudi.

Dogo wa Igoma

Kwani sungura hafai? Mi nnae mmoja yuko peke yake nampa bure 😅

Bwana Mifugo Mstaafu

Sungura hapana. Teke moja la sungura linavunja mgongo wa simbilisi, na sungura anaweza kubeba kwenye pua vimelea ambavyo yeye havimsumbui ila simbilisi anapata homa ya mapafu. Mbwa pia hivyohivyo. Kila mtu na banda lake.

Sasa mama, hili la dume ndilo limenifanya niandike maana nimestaafu na macho hayapendi simu. USILETE DUME. Jike ambaye hajawahi kuzaa, akipita miezi sita mpaka minane, mifupa ya nyonga inafunga, haiachii tena wakati wa kuzaa. Na vitoto vya hawa havizaliwi kama vya panya, vinazaliwa na manyoya, macho wazi, meno tayari, kichwa kikubwa. Mabinti zako wana miaka mitatu. Wakipata mimba sasa hivi unaweza kuwazika wote wawili na vitoto tumboni. Mimba ni siku 59 hadi 72, utakaa miezi miwili unafurahia tumbo na siku ya siku unalia. Mwambie mzee wa nyumba kwa heshima zote kwamba kutulia atulie yeye.

Dume aliyehasiwa anafaa, tena wengine wanasema anatuliza sana majike yanayogombana, lakini upate daktari mwenye mkono wa wanyama wadogo, na akishahasiwa akae pembeni wiki sita, maana mbegu zinabaki kwenye mirija. Kwa hapa kwetu naona ni safari ndefu. Tafuta jike.

Na yeyote utakayemleta, karantini wiki mbili hadi tatu. Chumba kingine, sio banda la jirani yake. Hudumia wa zamani kwanza, mgeni mwishoni, nawa mikono. Mwangalie ukurutu, chawa, pua, macho, kuhara, na kama anajikuna mpaka anapiga kelele huo ni upele, kuna dawa yake ila ipimwe kwa uzito.

Jirani Mwema

Akipiga chafya mpe amoksilini ya maji ya watoto kidogo tu, mi kuku wangu nawapaga wanapona

Bwana Mifugo Mstaafu

@Jirani Mwema ndugu yangu futa hiyo komenti. Amoksilini na jamii yote ya penisilini ukimpa simbilisi inaua bakteria wazuri wa tumboni, anaharisha siku chache anakufa, na wewe unabaki unasema ugonjwa ulikuwa mkali. Usimpe antibayotiki yoyote bila mtu anayewajua hawa wanyama. Kuku ni kuku.

Mama wa Pasiansi

Asanteni sana jamani, Mzee wa Maranda umenifungua, kumbe ni ugomvi wa kiti. Shikamoo Bwana Mifugo, ujumbe nimemsomea baba watoto neno kwa neno, kanyamaza kaomba chai.

Nimepima: Doto gramu 960, Kulwa 845. Sijui alikuwa na ngapi kabla maana sikuwahi kupima, najilaumu. Nimempondea chakula cha punje na maji namnywesha kwa bomba la sindano isiyo na sindano, anameza. Hoho nimekata vipande vidogo kabisa nampa mkononi, jana kala viwili.

Shangazi Karoti

Vizuri. Hoho usikate kabisa, hawa wako kama sisi, mwili hautengenezi vitamini C, wakikosa wanapata kiseyeye, viungo vinauma hawatembei watu wanadhani ni huzuni. Mengine nyasi tu, ukoka mwingi, tena mwingi. Parachichi na vitunguu usithubutu, na majani ya nyanya na ya viazi mviringo. Matembele sawa.

Mama wa Pasiansi

MREJESHO WA KWANZA. Msinipige.

Nimenunua kile cheupe cha sokoni. Mwanangu aligoma kula siku nzima, nikawaza ninao wawili wasiokula sasa huyu wa tatu, nikashindwa. Ila karantini nimefanya, kiko sebuleni kwenye kreti kubwa nimelitandika blanketi kuukuu juu ya maranda, mapacha wako nyuma. Na jina tayari, kwa Kisukuma anayefuata mapacha ni Shija, basi ni Shija. Ni kizuri jamani, kinarukaruka kama bisi kwenye sufuria.

Sasa leo ni siku ya tatu, nikasema nimpige picha kule nyuma mnithibitishie ni jike kweli. Jamaa wa sokoni kaapa mpaka kwa mama yake. Picha hiyo.

Mzee wa Maranda

Mama, jike ukitanua kidogo unaona kama herufi Y. Hapo naona kitufe cha duara na mstari chini yake. Bonyeza taratibu kabisa kwa kidole juu kidogo ya hicho kitufe, ikichomoza kitu usishangae.

Mama wa Pasiansi

Kimechomoza.

Kapteni wa Mtumbwi

😂😂😂😂 Shija mwanaume huyo

Bwana Mifugo Mstaafu

Asante Mungu ulimweka sebuleni. Dume wa hawa wiki ya tatu tu anaanza uwezo, huyo ana wiki sita. Ungemtumbukiza siku ya kwanza kama wengi wanavyofanya, leo tungekuwa tunahesabu siku. Hata wauzaji wengi hawadanganyi makusudi, hawajui tu, wanaangalia sura.

Mama wa Pasiansi

Nimekaa chini. Nimerudi sokoni na jamaa kasema "mama si ulimwona mwenyewe", hela harudishi wala mnyama hataki. Mzee wa Maranda ulinionya kabisa. Sasa mtoto ameshakizoea, kukirudisha siwezi, kukiweka na mapacha siwezi, na kukiacha peke yake mmeshanikataza. Nifanyeje?

Dogo wa Igoma

Mama samahani kwa ile ya sungura. Binamu yangu hapa Igoma ana dume mmoja mwenzie alikufa mwaka jana, yuko peke yake mpaka anamfuata kuku. Dume mkubwa na dume mdogo wanapatana?

Mzee wa Maranda

Wanapatana tena vizuri, mkubwa na kitoto ndo inakuwa rahisi zaidi, cha msingi jike asiwepo hata harufu yake karibu, na banda liwe kubwa, na kila kitu kiwe viwili, chupa mbili za maji, mabakuli mawili, vibanda viwili. Kitoto kimalizie wiki zake mbili za karantini kwanza. Dogo leo umeongea.

Mama wa Pasiansi

MREJESHO WA PILI, wiki tatu baadae.

Shija yuko Igoma. Mwanangu alikubali baada ya kuahidiwa kumtembelea kila Jumamosi, tumeenda moja, yule dume mkubwa alimzunguka anaunguruma kama kijenereta cha kuchaji simu, akampanda mara mbili tatu, Shija akalia kiiii akalala chini, yakaisha. Wanalala mgongo kwa mgongo.

Na mimi nimeenda Sengerema. Dada wa watu muungwana, kaniruhusu nikae naye saa nzima namwangalia mnyama wake. Wa kahawia, sikio moja limechanika zamani, miaka minne. Nikamuuliza swali ulilonifundisha inbox Bwana Mifugo, kama alikaa na dume karibuni, akasema yuko peke yake mwaka mzima, so mimba hakuna. Picha ya nyuma nilipiga hapohapo kabla ya kusema asante, Y safi, mnisamehe nimekuwa mtaalamu. Na tumekubaliana wakishindwana anamchukua mdogo wake wa Geita.

Anayemfuata Shija ni Kashinje. Basi ni Kashinje. Alimaliza karantini jana. Kulwa yuko 880.

Leo mnielekeze kuwakutanisha, mikono inatetemeka.

Mzee wa Maranda

Sio kwenye banda lao. Mahali ambapo hakuna aliyewahi kukojoa. Sehemu kubwa, tandika shuka, katikati mwaga rundo la ukoka na matembele, maboksi yenye milango MIWILI kila moja, yenye mlango mmoja ni mtego. Waweke wote kwa mara moja afu kaa chini na taulo nene mkononi. Mikono mitupu usiingize, utang'atwa wewe.

Utaona kufukuzana, kunusana makalio, kupandana, kugonga meno, kunyanyua pua juu kama wanapimana urefu, kupiga miayo ya kuonyesha meno. ACHA. Hiyo ni kesi inasikilizwa, ukiwatenganisha kila wakianza, kesho wanaanza upya ukurasa wa kwanza. Unaingilia pale wawili wamejikunja kama mpira wanabiringika au damu imetoka, hapo taulo juu yao, na siku hiyo imeisha.

Mama wa Pasiansi

MREJESHO WA TATU.

Jana Jumapili, sebuleni, makochi nimeyasogeza yote, baba watoto kakaa mlangoni na taulo la kuogea kama refa. Nikawaweka saa nne asubuhi.

Dakika kumi za kwanza kila mtu anakula kama wengine hawapo. Afu Doto akainua kichwa. Akaanza kutembea yale madaha, makalio yanaenda huku na huku, anaunguruma, akamwendea Kashinje pua kwa pua. Kashinje akainua pua juu. Doto akainua zaidi. Wakakaa hivyo sijui sekunde ngapi, meno yanagongana, manyoya ya shingo yamesimama, baba watoto anauliza niingie, namwambia kaa. Doto akaruka, akamng'oa manyoya mgongoni, nyuzi za kahawia zikabaki mdomoni mwake. Kashinje hakurudisha. Aligeuka tu akapita kwenye boksi akatokea upande wa pili akaendelea na tembele lake. Hivyo hivyo mara nne, tano. Kila akifukuzwa anapita boksi anatokea kule anakula. Mpaka Doto akachoka, akajilaza katikati ya nyasi miguu ya nyuma kanyoosha.

Kulwa muda wote yuko chini ya kochi, hilo ndo sikulitegemea, hakutoka mpaka saa saba mchana. Alipotoka hakwenda kwa dada yake. Akaenda kwa Kashinje akachomeka kichwa chini ya kidevu chake, kama kitoto kinachotafuta ziwa, na yule akamwacha.

Hapo niliingia jikoni, nilikuwa na vitunguu vya kukata.

Jioni nikaosha banda lote na maji na siki, kanga ya Bibi nimeifua nimeirudisha, nikawaingiza wote watatu pamoja. Usiku nimeamka mara sita.

Shangazi Karoti

Kashinje anajua dunia huyo. Mi niliwaambia mwenye umri anayejua kunyamaza.

Mnyalu wa Milimani

Nimesoma uzi wote toka mwanzo na supu nimeahirisha. Hilo banda lako linatosha watatu lakini? Wasije kugombana kwasababu ya chumba.

Mama wa Pasiansi

Fundi karefusha, sasa ni mita moja na nusu kwa sentimita sabini, vibanda vyote nimetoboa mlango wa pili. Wiki ya pili hii. Doto bado anamfukuza Kashinje kwenye chupa ya maji asubuhi, kila asubuhi, mara moja, basi, nikaongeza chupa nyingine ila bado anamfukuza kwenye ileile. Kulwa leo 905. Kwenye kona ya Bibi sa hivi analala Kashinje na Kulwa analala nje kidogo ya kanga, sijui nani kampa nani.

Kapteni wa Mtumbwi

Mama na akija wa nne ataitwa nani?

Mama wa Pasiansi

Hakuna wa nne. Na wewe acha pimbi wa watu kule Capri Point.